Paswedi ya Nyumba ya Baba Mkwe

Nilipoolewa Kyela niliambiwa mambo mawili kuhusu baba mkwe wangu: kwamba ni mtu mwema, na kwamba nisionane naye. La kwanza aliniambia mume wangu. La pili aliniambia mama mkwe, siku ileile niliyoingia na sanduku langu, kabla hata sijavua viatu.

Mzee hakuwa mgonjwa wala mkali. Ilikuwa mila. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawakutani njiani, na mkamwana halitamki jina la mkwe hata kama limebebwa na mtu mwingine kabisa. Miaka ninayoisimulia, nyumba nyingi za Kyela zilikuwa zimeshailegeza mila hiyo. Wakamwana walikula meza moja na wakwe zao, wakapanda nao gari moja kwenda Mbeya. Nyumba yetu iliishika kwa sababu mama wa mzee alikufa akiishika, na mzee hakutaka kuwa yeye wa kuiacha.

Mimi nimezaliwa Ipinda, lakini nililelewa Mbeya kwa shangazi yangu, ambaye alibishana na baba mkwe wake kila jioni juu ya taarifa ya habari. Kwa hiyo nilijifunza kujificha nikiwa mtu mzima, na sikuwa hodari. Mzee alinihurumia. Akitoka mjini alianza kukohoa tangu kwenye geti ili nipate muda wa kuacha nilichokuwa nakifanya na kuingia nyuma ya mlango wa jiko. Nikichelewa alisimama akajifanya anakagua mgomba. Nilizijua raba zake, suruali yake mpaka magotini, na kivuli cha kofia yake kwenye udongo. Uso wake niliuona kwenye picha ya harusi yao tu, iliyoning'inia sebuleni, na hiyo nayo niliitazama haraka haraka kama mwizi.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya kwenda Malawi na Zambia. Alikaa nyumbani siku chache, akaondoka kwa wiki nyingi. Tulikuwa bado hatujapata mtoto. Kwa hiyo kutwa nzima tulikuwa wawili, mimi na mama mkwe, ambaye nilimwita juba, kama tunavyomwita mama huku kwetu; baba tunamwita tata. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mepesi. Hakuwahi kunifokea. Nasema haya mapema kwa sababu baadaye watu walisema mengine.

Kazi ya mzee ilikuwa kakao. Zamani wakulima walikuwa wanauza kwa chama cha ushirika peke yake. Soko lilipofunguliwa kwa watu binafsi, kampuni zikaja moja baada ya nyingine, na mojawapo ikamfanya mzee wakala wake. Uwanja wetu ukajaa mikeka ya kuanikia, na harufu ya kakao iliyovundikwa, ile harufu inayokaribia siki, ikaingia mpaka kwenye shuka. Kisha kampuni ikataka taarifa za manunuzi kila siku kwa barua pepe. Wakaleta kompyuta, wakafunga dishi kubwa juu ya paa, na ndani ya chumba cha mbele ambacho mzee alikifanya ofisi wakaweka ruta, kiboksi cheupe chenye taa za kijani na antena mbili. Wakati huo mtu wa Kyela aliyetaka kusoma barua pepe alipanga foleni kwenye duka moja karibu na stendi, akilipa kwa dakika. Sisi tulikuwa nayo nyumbani, tena bila waya.

Fundi aliyeifunga alitoka Mbeya. Alifanya kazi haraka akawahi basi, akaiacha wazi, bila paswedi. Hatukujua. Tuliona tu kwamba intaneti tuliyolipiwa kwa mwezi mzima iliisha kabla ya wiki mbili, na mzee akaanza kupigiwa simu za lawama na kampuni.

Aliyetufumbua macho ni jirani wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye babu yake alitoka Kilwa, mwenye duka la vifaa vya umeme na kompyuta za mitumba. Alikuja barazani akamwambia mzee ukweli wake.

"Mzee wangu, intaneti yako naipata mpaka ndani ya duka. Naipata mimi, wanaipata wateja wangu, na nimeona vijana wamekaa nyuma ya uzio wako na kompyuta mapajani. Mimi nimekuja kukwambia kwa sababu ni haramu kunyamaza. Ifunge. Ukishaifunga, ukipenda, mimi nipe ufunguo niwe nachangia."

Mzee akampigia fundi. Fundi akasema yuko Tunduma, atakuja akipata nafasi. Nilikuwa jikoni nikisikia yote. Ndipo juba akasema, kwa sauti yake ileile ya kusema chumvi imeisha, "Mkamwana amesomea mambo hayo."

Ilikuwa kweli. Mbeya nilisoma chuo cha kompyuta, na tulifundishwa kidogo mambo ya mitandao. Tangu niolewe hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya chuo hicho, na cheti changu kilikuwa chini ya nguo kwenye sanduku. Moyo ulinipanda. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi nikitabasamu peke yangu.

Utaratibu ukapangwa. Asubuhi ya siku iliyofuata mzee angetoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwenye mikeka, na mimi ningeingia ofisini kwa mlango wa mbele. Juba angekaa katikati, kwenye korido, kupeleka maneno na kurudisha majibu.

Sasa niseme habari za asubuhi hiyo, maana bila hizo sitaeleweka. Kulipopambazuka mume wangu alituma ujumbe wa simu kwamba amepata mzigo mwingine, hatarudi mwisho wa mwezi kama alivyoahidi. Niliporudi kutoka kuchota maji, wageni wa mzee walikuwa tayari barazani, naye amekaa nao, na njia ya kurudi jikoni ilipita mbele yao. Mvua ikaanza, ile mvua ya kwetu isiyoonya. Nikaingia migombani na ndoo, nikachuchumaa. Wageni hawakuondoka. Nilikaa mle mpaka maji yakanipenya kwenye nguo za ndani, nikiwasikia wakicheka juu ya bei ya mchele, na mzee akikohoa kohoa, nadhani akijua kabisa niliko na asijue afanye nini. Hakuna aliyenituma kukaa pale. Ningeweza kupita nimefunika uso kwa kanga, wengine walifanya hivyo. Lakini nilikaa, na ndani yangu kitu kikageuka kuwa hasira.

Mvua ilipokatika na wageni kuondoka, mzee akaenda uani, na ndivyo nilivyoingia ofisini: nimebadili nguo, nywele bado zinadondosha maji.

Kilikuwa chumba nisichowahi kukanyaga. Miwani ya mzee ilikuwa mezani, mkono mmoja umefungwa kwa uzi. Kulikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisani, mizani ndogo, na bakuli la mbegu za kakao alizokata kuangalia rangi. Sikuthubutu kukalia kiti chake. Niliteremsha kibodi na kipanya mpaka kwenye kigoda, nikakaa sakafuni nikiangalia kioo kwa kuinua shingo.

Nilifungua ukurasa wa ruta. Jambo la kwanza lililonijia ni jina la mtandao. Fundi alikuwa ameuita kwa jina la mzee, lile jina nisiloruhusiwa kulitamka, limeandikwa kwa herufi kubwa. Niliona aibu kama aliyemfumania mtu akioga. Nikashuka chini haraka kwenye sehemu ya ulinzi.

Pale palikuwa na njia mbili za kufunga. Ya zamani, ile ya W-E-P, ilitaka tarakimu na herufi chache maalumu zilizopangwa bila maana, ambazo hakuna binadamu angezikumbuka, na chuoni tuliambiwa kwamba anayejua huifungua bila shida. Ya pili, W-P-A, ilikuwa imara zaidi, tena ilikubali maneno ya kawaida, mradi yafike herufi nane. Nikachagua hiyo.

"Juba," niliita, "muulize tata anataka ufunguo gani. Neno lolote, herufi nane au zaidi."

Nilisikia kandambili zake zikienda uani, zikarudi.

"Amesema weka unalolijua mwenyewe. Amesema wewe ndiye fundi."

Kisanduku kilikuwa kitupu, mshale unapepesa. Nikaandika jina la kijiji changu, ruta ikakataa, fupi mno. Nikaandika jina la mume wangu, nikalifuta. Kisha vidole vyangu vikaandika *narudikwetu*. Sikukaa nikafikiri. Niliyaona maneno yale pale kwenye kioo, yameshikana bila nafasi, nikayatambua kama unavyoitambua sauti yako mwenyewe iliyorekodiwa. Nilijiambia kwamba kompyuta ya ofisini italihifadhi na haitauliza tena. Hakuna atakayeliona. Kesho nitalibadilisha. Nikabonyeza, taa zikazima, zikawaka.

Nikaiunganisha kompyuta ya mzee, nikafungua barua pepe kuhakikisha, nikarudisha kila kitu mezani kama nilivyokikuta. Nilipokuwa natoka nilimsikia mzee kule uani akisema kwa nguvu, akijifanya anamwambia mkewe, "Ndaga fijo! Mwambie ndaga fijo! Nyumba hii ina fundi!"

Asante sana, alikuwa anasema. Nilikwenda chumbani kwangu nikakaa kitandani. Furaha ilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na kitu kama mwiba.

Kesho yake sikubadilisha. Msimu ulikuwa umekolea, wakulima walikaa ofisini tangu asubuhi mpaka giza, na mimi sikuwa na sababu ya kuomba nafasi. Jirani wa ng'ambo alikuja kuomba ufunguo kama alivyosema. Mzee akamtuma kwa juba, juba akamleta kwangu mlango wa jiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mkweo amesema wewe ndiye mwenye ufunguo."

Nilimtazama kofia yake safi iliyofumwa kwa mkono, na kalamu aliyoishika tayari kuandika. Nikasema, "Bado kuna kitu hakijakaa sawa, mzee. Nikimaliza nitakuletea."

"Haya. Wewe ndiye mjuzi," akasema, akaondoka bila kinyongo. Alirudi tena baadaye, nikamwambia vilevile. Mara ya tatu hakuja. Juba aliniuliza kwa nini namnyima mtu aliyetutendea wema. Nikamwambia mitambo ina matatizo. Alinitazama kidogo akarudi kwenye mchele aliokuwa anapepeta.

Kisha akaja mgeni kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mkubwa wa kampuni, kijana wa shati jeupe aliyelowa jasho tangu aliposhuka kwenye gari. Watu wasio wa Kyela joto letu linawashangaza. Alikuja na wenzake wawili, wakaingia ofisini na mzee, na wakulima kadhaa wakabaki dirishani. Alikuwa na kompyuta yake mpakato, na alitaka kutuma kitu hapohapo. Kompyuta ile ilikuwa ngeni kwa ruta yetu, ikaomba ufunguo.

Juba akaja jikoni.

"Wanaomba neno la kufungulia."

Nilikuwa namenya ndizi. Kisu kilisimama. "Juba, waombe watoke kidogo. Nitaingia niandike mwenyewe."

Akaenda, akarudi. "Mgeni amekaa, ana karatasi zake meza nzima. Mzee anasema hawezi kuwatoa wageni. Lilete wewe, uje ukae nyuma ya ukuta wa korido, useme, wao wataandika."

"Basi niandike kwenye karatasi." Lakini nilipolisema hilo nikaona jinsi karatasi ile ingepita: kutoka mkononi mwa juba hadi mkononi mwa mzee, kutoka kwa mzee hadi kwa mgeni, maneno yangu kwa mwandiko wangu. "Hapana. Nitakuja."

Nilisimama koridoni, mgongo ukutani. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mzee akihema. Hatukuwahi kukaribiana namna ile. Juba alisimama mlangoni, kati yetu.

"Aseme herufi moja moja," sauti ya mgeni ikasema.

Nilijiambia kwamba herufi moja moja si neno. Nikamnong'oneza juba naye akapeleka. Lakini juba hakusoma sana, na sisi Wanyakyusa ulimi wetu hauna r, tunaisema kama l. Herufi ya tatu nilipoitaja, juba aliipeleka kwa ulimi wake, na mgeni akaiandika alivyoisikia. Tukafika mwisho.

"Imekataa," mgeni akasema. "Rudia."

Tukarudia. Ikakataa tena. Wakulima dirishani walianza kunong'ona. Nilisikia kiti kikivutwa, na mzee akasema, si kwa hasira, kwa kuona haya mbele ya wageni wake, "Jamani, neno gani gumu hivi?"

"Dada," mgeni akaita, moja kwa moja kwangu, maana yeye mila zetu hakuzijua, "acha herufi. Sema neno zima, sisi tutaliandika."

Juba alinigeukia akasubiri nimnong'oneze. Nilifungua mdomo nikashindwa kumwambia yeye, mwanamke yule aliyenipa chumba chenye dirisha la upepo. Nikaona bora niseme kwa ukuta.

"Narudi kwetu," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Haya ndiyo maneno ya kwanza baba mkwe wangu kuyasikia nikiyatamka nikimwelekea yeye.

Mgeni akauliza, "Unarudi wapi, dada? Tunaomba neno kwanza."

"Ndilo hilo," nikasema. "Yote kwa pamoja. Narudikwetu."

Nilisikia vibonye. Kisha mgeni akasema, "Imekubali!" na akacheka, kicheko cha mtu aliyefurahi tu, asiye na nia mbaya. "Mzee, kumbe umeletewa mkamwana, na paswedi yako inamwondoa!" Wenzake wakacheka. Dirishani wakacheka. Mzee hakucheka. Nilisikia akivuta kiti chake, akakaa polepole.

Sikumbuki nilivyofika jikoni. Nakumbuka nimekaa juu ya gunia la pumba, uso kwenye magoti, masikio yakiwaka. Juba alikuja akasimama.

"Ni kweli?"

"Ni paswedi tu, juba. Watu huweka neno lolote."

"Maneno ni mengi sana, mwanangu," akasema. "Ukachagua hilo." Akachukua kisu akaendelea kumenya ndizi nilizoziacha.

Wageni walipoondoka, niliomba niingie ofisini, na mzee akatoka bila kuulizwa. Nikaweka ufunguo mpya, tarakimu na herufi zisizo na maana yoyote, nikaziandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, nikaibandika ukutani ambapo kila mtu angeiona. Nikampelekea na jirani nakala yake. Alishukuru, akaikunja, hakuuliza kitu. Kwa jinsi alivyokwepa kunitazama nilijua kwamba habari imeshavuka barabara.

Ilivuka na zaidi. Kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza nilipofika. Ilisemwa kwamba nimemwambia baba mkwe wangu ana kwa ana, mbele ya wageni, kwamba namwachia nyumba yake. Ilisemwa ninanyimwa chakula. Ilisemwa mzee alininyanyasa. Hilo la mwisho liliniumiza kuliko yote, na sikuwa na pa kulikanushia. Nani angeniamini kwamba ilikuwa kiboksi chenye taa kilichoniuliza neno?

Ndugu wa mzee wakaja kutoka Mwaya, wazee watatu wenye fimbo, kuuliza kulikoni. Walikaa barazani. Nikasikia kila kitu kutoka jikoni, maana nyumba zetu hazifichi sauti.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?" mmoja akauliza.

Mzee akasema, "Sijui kama nimemkosea. Sijawahi kumuuliza. Ningemuulizaje?"

Nikang'ata upindo wa kanga. Mzee huyu, ambaye wakulima walimwamini mizani yake kuliko ya kampuni, alikuwa amekaa mbele ya ndugu zake akihojiwa kama mkosaji, kwa ajili ya neno nililoliandika kwa sababu nimelowa mvua. Na hata hivyo, lazima niseme yote, kulikuwa na sehemu ndani yangu iliyofurahi kwamba hatimaye mtu ameuliza. Sehemu hiyo ndiyo iliyonitia aibu zaidi.

Jioni juba aliniletea uamuzi. Mzee amesema niende kwetu nikasalimie, nikae nipendavyo. Kurudi ni hiari yangu, na nisipopenda kurudi, hakuna atakayenifuata kwa ugomvi. Alinifungia mchele, mkungu wa ndizi, na jogoo aliyefungwa miguu. Nilipanda pikapu ya kwenda Ipinda na vitu vile vyote mapajani. Abiria mmoja akaniambia, "Umetoka kwa watu wanaokupenda, mama." Nikageukia upande wa milima.

Mama yangu aliponiona na jogoo, alifikiri nimerudishwa. Alikaa chini palepale uani.

"Wamekupiga?"

"Hapana."

"Wamekunyima chakula?"

"Hapana, mama. Si unaona nilivyobeba."

"Basi unataka nini?"

Nilimweleza yote, ruta, paswedi, ukuta. Intaneti hakuielewa, lakini mengine aliyaelewa vizuri kuliko nilivyotaka. "Ulikuwa na mdomo," akasema. "Una mume mwenye simu. Una mama mkwe anayekusikiliza. Ukaenda kumwambia mashine."

Mume wangu alikuja siku chache baadaye. Habari aliipata mpakani Kasumulu, kwa dereva mwenzake, aliyemwambia kama utani wakiwa kwenye foleni ya forodha. Alisimulia hilo huku akikwaruza tope kwenye kiatu kwa kijiti. Alikuwa amecheka na wenzake, akasema, mpaka alipogundua ni baba yake anayesimuliwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuwepo ningekuambia."

Sikufurahia kumshinda. Tulikaa kwenye ukingo wa shamba la mpunga, maji yamejaa, vyura wanapiga kelele. Mwisho akasema tupange vyumba viwili mjini, karibu na soko, wazazi wake wabaki jirani. Nikakubali. Nilitaka kukubali kwa furaha, lakini nilijua watu watasema: aliitisha kwa neno, akapewa.

Ndivyo walivyosema. Jirani wa ng'ambo ya barabara alinipa kazi dukani kwake, nikawa nafungia watu mitandao majumbani na maofisini. Kila nilipofika kwenye kisanduku cha ufunguo nilimpa mwenye nyumba kibodi, nikageuka kutazama pembeni.

Kabla hatujahama nilimwomba juba anifikishie msamaha kwa mzee. Akaenda, akarudi. "Amesema hakuna deni. Anauliza tu mashine ikizima nani atamwashia."

Kwa hiyo nikawa nakwenda kila wiki kuiangalia mitambo ya ofisini. Mara nyingi mzee alikuwa shambani siku hiyo, nadhani kwa kukusudia. Siku moja nilimkuta. Nilikuwa nimeshavuka geti nilipomwona uani, amenipa mgongo, anageuza kakao kwenye mikeka kwa reki. Nilitafuta pa kuingia, hapakuwa na mlango karibu. Nikasimama na mkoba wangu kifuani.

Hakugeuka. Akasema kwa Kiswahili, polepole, akielekea kwenye kakao, "Mwanangu, umeamkaje?"

Sauti niliyoipata siku ile ya ukuta, kubwa na yenye nguvu, haikuja. Machozi ndiyo yaliyokuja, na sikuwa na mkono mtupu wa kuyafutia. Mzee aliendelea kuvuta reki, akasubiri, wala hakurudia swali.

"Nimeamka salama, tata," nikasema mwishowe, kwa sauti ambayo sina hakika ilimfikia. "Na nyinyi mmeamkaje?"

"Tupo," akasema. "Mvua inakuja. Ingia ndani."

Nikaingia. Niliwasha kompyuta, nikakaa sakafuni kama kawaida yangu, na kwa muda mrefu sikuweza kusoma kilichoandikwa kwenye kioo.